Shetani hana uwezo ila wa kuita

Hapa mwambao petu, kama kuna kiumbe aliyebebeshwa mizigo isiyokuwa yake, basi ni Shetani. Mume humtamkia mkewe talaka tatu usiku kwa pumzi moja, kukipambazuka yumo mlangoni kwa kadhi akisema, "Shetani alinipitia, sheikh." Kijana aliyekabidhiwa fedha za chama cha mazishi akizila, husema shetani alimghuri. Mtu akimjeruhi jirani yake kwa ugomvi wa mpaka wa kiwanja, hakimu akimwuliza sababu, jawabu ni lile lile. Na sisi tunaosikiliza, badala ya kuuliza alipitia mlango gani na ni nani aliyemfungulia, hutikisa vichwa tukasema, "Maluuni huyo! Mungu atuepushe naye."

Mimi si sheikh wala sidai kilemba cha ualimu. Nilisoma chuoni kama walivyosoma wenzangu wa rika langu, nikahitimu msahafu, nikakaa kitako katika darsa za msikitini baina ya magharibi na isha kwa miaka kadhaa, kisha riziki ikanipeleka kwenye kalamu. Lakini kwa hayo machache niliyoyapata, naona huyu Shetani tunayemtaja vibarazani hafanani sana na yule aliyetajwa katika Kurani. Huyu wetu ana mikono. Humshika mtu akamtendesha. Yule wa Kurani ana sauti tu. Na tofauti hiyo si ndogo, ndugu msomaji, kwani ndani yake mna talaka za watu, damu za watu na mabinti wa watu.

JINA NA KAZI

Kwanza tuyatenganishe maneno, maana Kiswahili chetu kimeyachanganya. Shetani, Iblisi, jini, pepo: kwa wengi wetu hayo yote ni kitu kimoja, kinachokaa kwenye mibuyu na magofu na kuogopa ubani.

Majini ni umma kamili ulioumbwa kwa moto, nao wana dini kama tulivyo nayo sisi. Katika sura iliyopewa jina lao, ya 72, wao wenyewe wanasema kuwa miongoni mwao wamo wema na wasiokuwa wema, wamo waliosilimu na waliopotoka. Kwa hivyo kila mara tunapomlaani jini kwa kuwa ni jini, huenda tukawa tunamlaani Muislamu mwenzetu.

Pepo ni neno letu wenyewe, lenye ukoo na upepo, nao tuliwajua kabla hatujajua kusoma alifu. Mafundi wa ngoma waliwagawa makabila: kuna wa Kiarabu, wa Kihabeshi, wa Kimasai, wa Kipemba, na kila mmoja ana ngoma yake, nguo yake na chano chake. Huyu ataka marashi na maji ya waridi, yule ataka damu ya mbuzi. Anayepandwa huitwa kiti, na pepo akishatajwa jina lake na kupewa haki yake hutulia, hata wakawa kama jamaa wa nyumba moja. Sasa, mafundi hao hao huwaita pepo wao mashetani, na hapo ndipo neno la Kurani lilipotwikwa maana isiyokuwa yake. Maana Shetani wa Kurani hana chano cha kuridhishwa nacho, wala hatulii kwa ngoma. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa Mombasa magazeti ya As-Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akaja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi alipofariki mwaka 1947, aliyakemea mambo ya namna hii kwa ukali, na wazee wengi wa mji hawakumpenda kwa hilo.

Ama Iblisi, huyo ni mmoja. Jina lake limetajwa mara kumi na moja tu katika msahafu mzima. Wanachuoni wa lugha wengi walilinasibisha na neno la Kiarabu lenye maana ya kukata tamaa, yaani aliyekata tamaa ya rehema ya Mola wake. Shetani nalo wakalinasibisha na kuwa mbali, na wengine na kuungua.

Kuna jambo moja ambalo msomaji akiufungua msahafu ataliona mwenyewe. Katika kisa cha kusujudu, anayekataa anaitwa Iblisi. Lakini mara tu kisa kinapofika bustanini, na yule yule akaanza kuwashawishi Adamu na Hawa, jina linabadilika, anaitwa Shetani. Ndivyo ilivyo katika Suratul Baqara, ndivyo ilivyo katika Suratul Aaraf, na ndivyo ilivyo katika Suratu Taha. Nionavyo mimi, Iblisi ni jina la mtu, na ushetani ni kazi aliyojipa. Na kazi hata mwingine anaweza kuifanya: Suratul An-am, aya ya 112, yataja mashetani wa kibinadamu pamoja na wa kijini, na wa kibinadamu wakatangulizwa kutajwa. Sura ya mwisho ya msahafu, ile tunayowasomea watoto usiku, inafunga kwa kuwataja watu pia kuwa ni wenye kutia wasiwasi vifuani mwa wenzao.

MOTO NA UDONGO

Kisa cha Iblisi kukataa kusujudu kimesimuliwa mahali saba. Mwenyezi Mungu alimwumba Adamu kwa udongo, akawaamrisha malaika wamsujudie, wakasujudu wote ila yeye. Hapa maulamaa waliuliza swali la haki: kama amri ilikuwa ya malaika, Iblisi ilimhusu nini? Ibn Abbas amepokelewa akisema kuwa Iblisi alikuwa katika kabila moja la malaika. Al-Hasan al-Basri, aliyefariki mwaka 110 Hijria, alisema kuwa hakuwa malaika hata kwa muda wa kupepesa jicho; yeye ni asili ya majini kama Adamu alivyo asili ya watu. Imam Tabari aliziandika kauli zote mbili katika tafsiri yake. Suratul Kahf, aya ya 50, yasema wazi kuwa alikuwa katika majini, na walio wengi katika wanachuoni wa zama zetu wamesimama hapo.

Mwalimu wangu wa chuo, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa maneno mengi. Bakora ilikuwa karibu zaidi. Lakini siku tuliyofika Suratu Sad aliiweka bakora chini akatuuliza kama Iblisi alikuwa hamjui Mungu. Tukajibu kwa pamoja, naam, hakumjua, alikufuru.

"Basi mbona amwita Mola wake?" akauliza. "Mbona aapa kwa utukufu Wake? Mbona aomba muda mpaka siku ya kufufuliwa, kama hakuamini kuwa watu watafufuliwa?"

Tukanyamaza. Baharini kulikuwa kukipita jahazi, na mmoja wetu akajifanya analitazama.

Naam, kufuru ya Iblisi ilikuwa kufuru ya anayejua. Alizungumza na Mola wake, akamwomba, na ombi lake likakubaliwa. Kilichomwangusha ni hoja moja fupi: alidai kuwa yeye ni bora kuliko Adamu, kwa kuwa yeye ametokana na moto na Adamu ametokana na udongo. Hakutaja ibada yake wala elimu yake. Alitaja asili. Al-Hasan na Ibn Sirin walikuwa wakisema kwamba wa kwanza kupima jambo kwa kulinganisha, akaiacha amri iliyo wazi, ni Iblisi. Na kipimo chenyewe kilikuwa kibovu, kwani udongo una utulivu, hupokea mbegu ukatoa mti, na moto ukiuachilia hauachi kitu.

Sasa, msomaji wangu wa Lamu, wa Mombasa, wa Malindi na wa Vanga, tuulizane wenyewe kwa wenyewe. Hoja hii tumeisikia wapi tena?

Tumeisikia kwenye posa. Kijana ana dini, ana kazi, hana sifa mbaya hata moja, lakini wazee wakikaa faragha neno la kwanza ni "asili yake wapi?" Na mji mzima unajua maana ya swali hilo. Serikali ya Kiingereza ilifuta utumwa katika pwani yetu kwa sheria ya mwaka 1907. Umri wa watu wawili umepita, na bado wako wanaokumbuka babu wa fulani alikuwa wa nani. Wapo waungwana wasiokuwa na chochote ila huo uungwana. Nyumba imeanguka dari, shamba limeuzwa, lakini nasaba wanaitandaza kama mkeka wa wageni.

Najua nitaambiwa kuwa fikihi yetu ya Kishafii inayo mlango wa kafaa, na kwamba nasaba imo katika mlango huo. Ni kweli imo. Lakini wanachuoni hao hao wamesema kuwa ni haki ambayo mwanamke na walii wake wakiiachilia ndoa ni sahihi. Mtume (S.A.W.) alimwoza binti ya shangazi yake, Zainabu binti Jahsh, kwa Zaidi bin Haritha, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Na Fatima binti Qais, Mkureshi, alipokuja kutaka shauri juu ya waliomposa, Mtume alimwambia aolewe na Usama, mwana wa Zaidi huyo huyo. Mwanzo bibi yule hakupendezwa. Kisha alikubali, na mwenyewe akasimulia kheri aliyoipata. Hadithi hiyo imo katika Muslim.

Hata hapa kwetu hawakukosekana walioliona jambo hili. Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija na kufariki Lamu katika miaka ya 1930, alikwenda kukaa Langoni, mbali na mitaa ya wakubwa, akawasomesha watumwa na watoto wa watumwa elimu ambayo wakubwa waliiona kuwa ni mali yao peke yao. Walimsema sana. Leo msikiti wake wa Riyadha hujaza watu wa nchi nyingi wakati wa Maulidi, na wajukuu wa waliomsema wamo katika safu za mbele.

Mtume alisema kuwa haingii Peponi mwenye chembe ya kiburi moyoni, na alipoulizwa kiburi ni nini, alieleza kuwa si kuvaa nguo nzuri. Ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Iblisi aliyafanya yote mawili kwa jambo moja.

NENO LA PILI

Watu wengi huishia kwenye neno la kwanza la Iblisi, wakasahau la pili. Alipofukuzwa, hakusema amekosa. Alimwambia Mola wake kuwa ni Yeye aliyempoteza, na kwa sababu hiyo atawakalia wanadamu njiani. Haya yamo katika Suratul Aaraf aya ya 16 na Suratul Hijr aya ya 39. Yaani kiumbe wa kwanza kuasi ndiye aliyekuwa wa kwanza kutafuta wa kumtupia lawama, na hakumpata mwingine ila Muumba wake.

Muda mchache baadaye Adamu na Hawa nao wakateleza. Wao, tena, walikuwa na udhuru ulio tayari: kweli walikuwa wamedanganywa, kweli Shetani aliwaapia kuwa anawanasihi, na Mungu mwenyewe ni shahidi wa hayo. Kama kuna watu waliokuwa na haki ya kusema "shetani alitupitia", ni wao wawili. Hawakusema. Dua yao, katika aya ya 23 ya sura hiyo hiyo, haikumtaja Shetani hata kwa herufi moja; walikiri kuwa wamezidhulumu nafsi zao, wakaomba msamaha. Wakasamehewa.

Kwa hivyo anayesimama mbele ya kadhi akasema si mimi, ni fulani, ajue lugha anayoizungumza ni ya nani.

Na kwa kuwa tumefika bustanini, wanaume wenzangu wanisamehe kidogo. Ile habari kwamba Hawa ndiye aliyemponza Adamu haimo katika Kurani. Kurani yawataja wote wawili kuwa waliteleza, na katika Suratu Taha anayetiwa wasiwasi kwa jina ni Adamu. Kadhalika kuna hoja nyingine maarufu ya barazani: kwamba vitimbi vya Shetani vimeelezwa kuwa ni dhaifu, katika Suratun Nisaa aya ya 76, na vitimbi vya wanawake vimeelezwa kuwa ni vikubwa, katika Suratu Yusuf aya ya 28, basi mwanamke amemshinda Shetani. Watu hucheka, kahawa ikaongezwa. Lakini neno la Suratu Yusuf ni neno lililosemwa na bwana wa nyumba kule Misri siku alipomkuta mkewe mlangoni na Yusuf amechanika kanzu. Mtu mmoja aliyekasirika alisema juu ya mkewe na wenziwe, na Kurani ikatusimulia alivyosema. Kulichukua hilo likawa hukumu ya Mungu juu ya mama zetu ni ujasiri mkubwa.

ALIYO NAYO NA ASIYO NAYO

Sasa uwezo wake. Katika Suratu Ibrahim, aya ya 22, imesimuliwa hotuba ambayo Shetani atawatolea wafuasi wake hukumu ikishakatwa. Sijui pahali penye kutisha zaidi kuliko hapo, kwa kuwa siku hiyo mwongo mkubwa atasema kweli. Atawaambia kuwa hakuwa na mamlaka yoyote juu yao. Aliwaita tu, wakamwitika. Wasimlaumu yeye, wajilaumu wenyewe. Hawezi kuwafaa wala wao hawawezi kumfaa. Fikiri, ndugu yangu, uliyekuwa ukitegemea udhuru huo maisha yako yote, halafu uliyemtegemea awe ndiye shahidi wa kwanza kuukanusha.

Nitaulizwa: na ile hadithi ya kuwa Shetani humtembea mwanadamu kama damu mishipani? Ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, lakini aghalabu husomwa bila ya kisa chake. Mtume alikuwa kwenye itikafu msikitini Madina, katika kumi la mwisho la Ramadhani, mkewe Bibi Safiya akaja kumzuru usiku. Alipoinuka kurudi, Mtume akatoka kumsindikiza. Wakapita watu wawili wa Kiansari, wakaona mtu na mwanamke gizani, wakakaza mwendo. Mtume akawaita akawajulisha kuwa yule ni Safiya. Wakaona haya, vipi wamdhanie Mtume? Ndipo aliposema neno la damu, akaongeza kuwa alichelea wasije wakatiwa jambo mioyoni. Yaani lililokusudiwa ni dhana, na dawa aliyoitoa ni kusema wazi. Hakuwapiga hirizi wale watu. Aliwaambia ukweli, wakaenda zao kulala.

Na Ramadhani je? Abu Huraira amepokea kuwa mwezi huo mashetani hutiwa minyororo. Kila mwaka kuna mtu huniuliza: ikiwa wamefungwa, nani huiba viatu msikitini wakati wa tarawehe? Nani hupandisha bei ya tende, tambi na sukari mwezi ukiandama? Baadhi ya maulamaa wamesema wanaofungwa ni wale waasi wakubwa tu. Wengine wamesema ni mfano wa kupungua kwa nguvu zao kwa watu waliofunga. Lakini wote wanakubali kuwa iko nafsi yenye kuamrisha maovu, nayo haitiwi mnyororo na mtu mwingine. Kwa hakika mimi nauona mwezi huo kama mtihani wa uaminifu. Mwenye duka akiondolewa mshirika wake kwa siku thelathini na hesabu zikaendelea kuwa za uongo vile vile, basi mwizi amejulikana.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), katika kitabu chake cha Ihya aliufananisha moyo na ngome, na Shetani na adui anayezunguka akitafuta mlango. Milango aliyoitaja haina maajabu yoyote: hasira, matamanio, husuda, pupa, shibe hata ikiwa ya chakula cha halali, kupenda mapambo ya nyumba na mavazi, haraka, ubakhili, kuwadhania watu vibaya, na ushabiki wa madhehebu. Huu wa mwisho sisi watu wa pwani tunaujua vizuri. Tumegombana juu ya kisimamo cha maulidi na juu ya mwezi umeandama au haukuandama mpaka ndugu hawazikani. Ghazali alitoa na mfano wa mbwa mwenye njaa. Akikujia na wewe huna nyama, ukimkemea neno moja atakwenda. Akikujia na nyama umeishika mkononi, utamkemea mpaka ukauke koo, hataondoka. Hapo ndipo ninapowaza juu ya makombe tunayoyanywa kwa zafarani, hirizi tulizozifunga na Yasini tunazozikodisha, na nyama bado tumeikumbatia.

Baada yake alikuja Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 597 Hijria (1201), akaandika kitabu kizima juu ya hila za Iblisi, Talbis Iblis. Ukidhani aliandika juu ya walevi na wezi utastaajabu. Sehemu kubwa ameiandika juu ya wanachuoni, wahubiri, wacha Mungu na masufi, namna Iblisi anavyowaingilia kwa mlango wa wema wenyewe. Hata sisi washairi hakutuacha. Alisema Iblisi hutuonyesha kuwa tuna akili ya pekee, na kwa hiyo tutasamehewa. Nilipofika ukurasa huo nilikifunga kitabu nikaenda kunywa maji. Na Maulana Jalaludin Rumi alisimulia katika Mathnawi kisa cha Iblisi kumwamsha Muawiya kwa ajili ya sala ya alfajiri. Muawiya alimbana hadi akasema kweli: alichelea kwamba sala ikimpita, majuto yake yangekuwa na thamani zaidi mbele ya Mungu kuliko sala yenyewe.

Katika dini ya kale ya Uajemi kulikuwa na mungu wa kheri na mpinzani wake wa shari, wakipigana. Sisi hatuna hilo. Iblisi ni kiumbe, alipewa muda kwa idhini, na Suratus Sabai, aya ya 20 na 21, yaeleza kuwa aliachiliwa ili ajulikane anayeamini Akhera na anayeitilia shaka. Anayemwogopa kama kwamba ana ufalme wake amempa daraja ambayo Mola wake hakumpa.

Jambo hili lina uzito mpaka hospitalini. Mtoto akianguka kifafa, wazazi huanza na fundi, ngoma ikafuata, na daktari akaja kuonwa baada ya mtoto kuungua motoni au kuzama kisimani. Wanachuoni wamehitilafiana tangu zamani kama jini humwingia mtu, na walio wengi katika Ahlu Sunna wamekubali. Sitaki kuingia hapo. Nasema tu kuwa katika Bukhari kuna mwanamke mweusi aliyemjia Mtume akalalamika kuwa huanguka na kufunukwa nguo. Mtume alimhiarisha baina ya kuombewa apone na kusubiri apate Pepo. Akachagua kusubiri, ila aombewe asifunukwe. Hakupungwa, hakupigwa, hakuulizwa jina la aliyempanda. Na Mtume huyo huyo aliwaamrisha watu watafute matibabu.

Sheria nayo haikuwasahau wasiokuwa na akili zao. Hadithi yasema kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka azindukane. Sheria ya jinai ya Kenya, Sura ya 63, kifungu cha 12, nayo yamwangalia aliyetenda na huku ugonjwa wa akili umemziba asijue atendalo. Katika hao wote, wa kwetu na wa serikali, sikumwona aliyepitiwa na shetani.

Nimalizie na Mina. Haji hutupa vijiwe saba siku ya kumi, na ishirini na kimoja kila siku kwa siku mbili zinazofuata, vikawa arubaini na tisa. Akibaki siku ya kumi na tatu hutimia sabini. Tangu mwaka 2004 zile nguzo tatu zimegeuzwa kuta ndefu ili watu wasikanyagane. Maulamaa husema ni kumkumbuka Mungu na kufuata nyayo za Ibrahimu, lakini wapo wanaotupa viatu na miavuli kwa hasira, wakidhani mwenyewe amesimama pale.

Namjua mzee mmoja aliyerudi kutoka huko akatukalisha barazani kwake kutusimulia. Vijiwe vyake vyote, alisema, vilipiga pale pale, hakukosa hata kimoja, na kila kimoja alikitia jina la dhambi. Tulikuwa tungali tunasikiliza alipofika kijana mmoja hafidh, mwana wa mvuvi, amefuatana na ami yake, wakapewa viti. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya binti wa nyumba hiyo. Mzee aliwakaribisha kwa adabu, akawauliza hali, akauliza bahari, kisha akauliza babu mzaa baba alikuwa wa nyumba ya nani. Yule ami alitazama chini. Kijana akajibu kwa sauti ya kawaida, hakuficha kitu. Mzee akasema Mungu atawapa kheri kwingine.

Wakaaga, wakateremka ngazi. Mzee akaniomba nimsogezee buli la kahawa, akaendelea na habari za Mina.